Kinyaa cha Bashiri

Bashiri alikuwa na kinyaa kama watu wengine walivyo na pumu: hakukichagua, hakikumwacha, na vumbi kidogo tu lilitosha kukiamsha. Alikuwa kinyozi mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga, na wateja walimpendea hilohilo. Mashine aliifuta kwa spiriti mbele ya macho yako. Taulo lililogusa shingo ya mtu mmoja halikugusa shingo ya pili. Wazee waliokuja kupakwa piko ili warudi ujanani aliwapaka akiwa amevaa glavu, na akimaliza alizivua kwa ncha za vidole na kuzitupa mbali. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Bashiri zilikuwa zimechemshwa. Nyumbani ilikuwa kero. Mkewe Zuhra alikuwa na kikombe chake, yeye ana chake cha bluu, na ole wake mgeni ambaye angekinywea.

"Huyu mume wangu siku akifa," Zuhra aliwaambia majirani, "ataamka kwanza aikague sanda."

Sasa mtu kama huyo, Mungu akampa rafiki kama Otmar.

Otmar alikuwa Mkatoliki wa Ushirombo, mtoto wa wakulima, aliyeletwa mjini kwa shangazi yake kusoma akakalishwa dawati moja na Bashiri. Walikua pamoja, wakatoroka shule pamoja, wakachapwa pamoja. Bashiri akashika mashine ya kunyolea, Otmar akashika sururu. Alikuwa mwanaapolo, ndivyo wachimbaji wadogo wanavyojiita, na duara lake lilikuwa huko upande wa Geita, shimo refu walilolichimba watu sita kwa zamu. Mkewe Salvina na binti yao Violeth walibaki Shinyanga, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya kibanda cha Bashiri. Kila baada ya wiki kadhaa Otmar alikuja, akaoga, akala, akacheka na mtaa mzima, akarudi shimoni.

Jumatano ile ya mwezi wa saba alikuja bila kuoga. Harufu ilitangulia, yeye akafuata. Ilikuwa jasho la wiki tano lililokauka, likalowa, likakauka tena, moshi wa baruti, ugoro, na chini yake kabisa uvundo fulani mtamu ambao Bashiri hakutaka kuujua unatoka wapi. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alikumbuka kwamba ana haraka.

"Otmar, una nini?"

"Nina mwamba wa dhahabu, ndugu yangu," Otmar alisema huku meno yake yakionekana meupe kuliko kawaida katika uso ule. "Mita tatu tu zimebaki. Tukiufikia, kodi basi, vibanda vya kupanga basi. Najenga Kahama, Nyasubi palepale."

Akaeleza. Kila duara lina masharti yake. Wengine hawaingii na viatu, wengine hawapigi mluzi. Duara la kina Otmar lilikuwa limekauka miezi minne, ndipo nfumu wao, mganga waliyemwamini wote sita, akasema mmoja wao abebe mwiko kwa niaba ya wenzake: maji yasiguse mwili wake mpaka ashike kwa mkono wake mwenyewe mkojo wa pimbi ulioganda juu ya jabali. Akiushika tu, mwiko umefunguka, aoge hata mara saba. Wakapiga kura, ikamwangukia Otmar. Lakini huko machimboni pimbi walikuwa wameshaliwa wote. Nani asiyejua pimbi walipo wengi? Ni kwenye yale majabali nje ya mji waliyokuwa wakipanda enzi za utoro.

"Mkojo," alisema Bashiri.

"Ulioganda."

"Wa pimbi."

"Ni dawa, Bashiri. Usiukunjie uso."

Bashiri alitoka nje akatema mate. Alijisemea kwamba rafiki yake amekuwa mjinga, na tena mjinga anayenuka, jambo ambalo kwake lilikuwa baya mara mbili.

Angeliacha liishie hapo. Ila Ijumaa, alipotoka msikitini, alimkuta Salvina amesimama mlangoni mwa kibanda, khanga ameivuta mpaka puani kana kwamba amesahau kuishusha.

"Shemeji, kesho kutwa Violeth anapokea komunyo ya kwanza. Gauni jeupe liko tayari, viatu viko tayari. Jana usiku ameniambia hataki baba yake aje kanisani." Kisha akasema kwa haraka, "Mimi nimemwomba aoge, hasikii. Wewe anakusikia. Mpeleke huko kwenye majabali akachukue uchafu wake, aoge, Jumapili akae karibu na mtoto wake kama baba wengine. Nakuomba."

Hapo hapakuwa na njia ya kukataa. Lile jabali halipandwi na mtu mmoja. Tangu utotoni lilitaka wawili.

Jumamosi wakaondoka alfajiri. Kipupwe cha Shinyanga ni baridi kavu, yenye upepo unaobeba vumbi na kulipaka kwenye midomo. Bashiri alivaa sweta na kofia ya sufu. Alikodi bodaboda mbili ingawa moja ingewatosha, na dereva aliyempakia Otmar aliendesha njia nzima shingo ameipinda pembeni. Bashiri, nyuma, aliona haya kwa niaba ya rafiki yake, kisha akaona hasira, kwa sababu Otmar mwenyewe hakuona lolote. Alikuwa anaimba.

Chini ya majabali palikuwa na uchafu wa kila aina. Siku hizi watu wanapanda huko kusali mikesha, na wakimaliza kusali wanamwachia Mungu chupa za maji, vifuko vya chumvi na mabaki ya chipsi. Wengine walikuwa wamejisaidia nyuma ya mawe bila hata kwenda mbali. Bashiri alipita akinyanyua miguu juu kama kuku kwenye matope, pua kwenye kiwiko.

"Wanaomba baraka halafu wanakunya palepale," alisema. "Huyo malaika atakayeshuka atakanyaga wapi?"

Otmar akacheka, akapenga kamasi kwa vidole viwili, akazifuta kwenye suruali. Kisha akatoa chapati kutoka mfukoni mwa shati, akaikata katikati kwa mikono ileile, akamnyooshea Bashiri kipande kikubwa zaidi.

"Nimefunga," alisema Bashiri.

"Leo? Kwa sababu gani?"

"Sunna."

Ulikuwa uongo, na wa kuisingizia dini, jambo ambalo mama yake, marehemu bibi Mwahija, angemchapia kibao. Otmar alikula vipande vyote viwili bila kinyongo.

Wakapanda. Mwanzo haukuwa mgumu: mawe makubwa yaliyolaliana, ufa wa kupitisha mwili ubavu, kisha mgongo mpana wa jabali wa kutembea umeinama. Jiwe lilikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole, na Bashiri, ambaye kazi yake ni ya kusimama siku nzima, alihema kabla Otmar hajaanza hata kupumua kwa nguvu. Ile miaka ya shimoni ilikuwa imemjenga mtu yule. Alipanda kimyakimya, akijua pa kuweka kisigino, na kwa dakika chache Bashiri alimtazama bila kuwaza harufu. Kisha upepo ukageuka.

Jua lilikuwa limeshapanda, na jiwe limeanza kupata moto, walipofika penyewe. Ni ukuta wenye kimo cha watu wawili, na juu yake kuna kibaraza ambapo pimbi huota jua. Kutoka kwenye kibaraza ulitiririka mstari mfupi mweusi unaong'aa, mithili ya lami iliyomwagwa, ukaganda juu mno kufikiwa kutoka chini. Zamani walikuwa na njia yao: mmoja asimame kwenye mabega ya mwenzake, apande, alale kifudifudi, kisha amvute wa chini. Na walikuwa na sheria, waliyoipata baada ya Otmar kung'oka jino akiwa darasa la sita. Hamshikani vidole. Mnashikana vifundo, kila mmoja amkamate mwenzake juu ya kiganja, hapo hata mmoja akiteleza mwingine bado amemshika.

"Wewe juu," alisema Otmar, akachuchumaa. "Mimi mzito."

Bashiri alivua viatu, akakanyaga yale mabega. Shati lilikuwa gumu kwa jasho, likavunjikavunjika chini ya nyayo zake kama ukoko wa ugali. Alijiinua haraka kuliko alivyowahi kujiinua utotoni, si kwa nguvu bali kwa kutaka kuondoka pale, akajitupa kwenye kibaraza, na mikono yake ikatua kwenye mavi ya pimbi ya miaka mingi. Yalikuwa yamejaa kote, punje kwa punje, mengine makavu, mengine ya leo. Pimbi watatu walimtazama, mmoja akakojoa, wakapotelea kwenye ufa. Harufu ya mkojo ilipanda mpaka machoni. Bashiri akageuka pembeni akatapika chai ya asubuhi.

"Umeuona?" Otmar aliuliza kutoka chini.

"Nimeuona! Upo hapa umejaa tele! Nikumegee nikurushie tuondoke?"

"Hapana, hapana. Mkono wa mwenyewe, palepale kwenye jabali. Nivute."

Bashiri alilala kifudifudi juu ya uchafu ule, kifua na tumbo, akanyoosha kichwa nje ya ukingo. Otmar alikuwa tayari amepandisha mguu wake kwenye kitobo cha kwanza, anamnyooshea mkono. Bashiri aliutazama. Kiganja kilikuwa cheusi mpaka kwenye mistari. Kucha zilikuwa na udongo wa shimoni uliochanganyika na ugoro. Kidole gumba kilifungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa kitu cha njano.

Mfukoni mwa sweta alikuwa na glavu mbili za kazini. Alizichukua asubuhi bila kujiuliza sana za nini. Akachomoa moja, akaivaa.

Otmar aliona. "Unavaa nini?"

"Baridi. Vidole vimekufa ganzi."

Jiwe lilikuwa na joto kama bati. Otmar alimtazama kidogo, kisha akatabasamu kwa nusu ya mdomo.

"Haya. Vuta."

Glavu ile iliishia mwisho wa kiganja. Wangeshikana vifundo kama sheria yao ilivyotaka, vidole vya Otmar na kile kitambaa cha njano vingelala juu ya ngozi tupu ya mkono wa Bashiri. Kwa hiyo Bashiri alirudisha mkono nyuma kidogo, kiasi cha inchi nne tu, akampa vidole. Otmar akavishika, kwa sababu ndivyo alivyopewa.

Alipanda hatua ya kwanza. Akapanda ya pili, akaachia jiwe ili apate kushika ukingo, na uzito wake wote ukaja kwenye ile glavu. Ikavutika, ikanyumbuka, ikachomoka. Bashiri alibaki na mkono mtupu, safi, umenyooshwa hewani.

Otmar hakupiga kelele. Alianguka kwa mguu mmoja katikati ya mawe mawili, na Bashiri alisikia mlio wa muwa unaovunjwa gotini.

Hakukumbuka alishukaje. Alichokumbuka ni kwamba alipofika, Otmar alikuwa amekaa, uso umepauka hata kupitia ule uchafu, mguu wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiungo. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumba kitu. Akaifumbua, akaitazama ile glavu, akainua jiwe dogo lililokuwa karibu, akaiweka chini yake, akalirudisha jiwe.

"Otmar, nisamehe. Otmar..."

"Nibebe."

Msomaji angependa kusikia kwamba kinyaa kilimwisha Bashiri hapohapo. Hakikumwisha. Alimbeba Otmar mgongoni, kifua kile kimemgandamiza, jasho jipya linafufua la zamani, pumzi ya ugoro inampiga shavuni, na hatua kwa hatua mpaka chini alikuwa akijizuia kutapika, huku analia, huku anajichukia kwa kujizuia kutapika. Mara mbili alimtua apate kupumua hewa nyingine. Mara zote mbili Otmar alisema wabeja, ahsante, kama mtu aliyepewa maji.

Hospitalini manesi waliziba pua bila kuficha. Nesi mmoja mnene alisema huyu haguswi na daktari mpaka aoshwe.

"Sista, nakuomba," alisema Otmar. Ndipo alipolia, mtu ambaye hakulia kwa mguu. "Usinimwagie maji. Nipe mpaka jioni tu. Nitamtuma mtu aniletee kitu fulani nikishike, huenda kikakubali hata hapa."

"Hapa si machimboni, kaka."

Wakamwosha. Bashiri alisimama kwenye korido akisikia maji yanavyomwagika. Beseni la kwanza lilipita mbele yake likiwa jeusi, la pili jeusi, la tatu rangi ya chai. Yeye mwenyewe alikwenda bombani akanawa mpaka viwiko kwa sabuni, akasuuza, akarudia. Alijua ni aibu kufanya hivyo wakati ule. Alifanya.

Jioni, mguu umeshafungwa plasta, simu ya Otmar iliita. Alikuwa ni Edson, mmoja wa wale sita. Habari zilikuwa zimeshafika, sijui hufikaje. Otmar alisikiliza, akasema "sawa" mara nne, akakata.

"Wamenitoa," alisema. "Aliyevunja mwiko harudi duarani. Wamemweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu."

"Lakini hukuuvunja wewe."

"Maji yamenigusa, Bashiri. Hawatauliza nani aliyefungua bomba."

Jumapili akaruhusiwa. Walimpeleka kanisani kwa bajaji moja kwa moja, wakamkalisha mwisho wa benchi, mguu umenyooshwa kwenye ujia. Bashiri hakuingia, alisubiri nje chini ya ukuta. Waliotoka walisimulia kwamba Violeth, baada ya kupokea, hakurudi kwenye mstari wa watoto wenzake. Alikwenda na gauni lake jeupe mpaka kwa baba yake, akamnusa shingoni, akakaa pale mpaka baraka za mwisho.

Mchana kulikuwa na pilau nyumbani kwa Salvina. Wageni wachache wa jumuiya walikula wakaaga, Zuhra akawasindikiza, watoto wakatoka nje kucheza. Walibaki watatu: Otmar kwenye kiti chenye mto, Bashiri kwenye mkeka, na Salvina, aliyekuja na jagi na beseni kumnawisha Bashiri.

Wakati wote wa sherehe Otmar alikuwa amesimulia kisa kimoja, na kila alipokisimulia kilizidi kunoga. Kwamba ukuta ulikuwa umejaa mikojo ya pimbi. Kwamba yeye ndiye aliyeteleza. Kwamba Bashiri alimng'ang'ania mpaka mwisho na kumbeba maili nzima mgongoni, yeye Bashiri, anayeogopa hata kikombe cha mkewe. Watu walipiga makofi.

Salvina akamimina maji taratibu. "Shemeji, nilikuomba umrudishe ameoga, akae na mwanangu kanisani. Umefanya. Mguu utapona. Mungu aibariki hii mikono."

Bashiri aliyaona maji yanavyoteremka kwenye vidole vyake. Pilau ilikuwa mbele yake na hakuweza hata kuitazama.

"Mama Violeth, anadanganya," alisema. "Hakuteleza. Nilivaa glavu. Sikutaka kumshika. Nilimwonea kinyaa, nikampa vidole badala ya mkono, ndiyo maana akaanguka."

"Bashiri," alisema Otmar.

"Acha niseme! Nilimwonea kinyaa rafiki yangu. Hata chapati yake nilikataa, nikasema nimefunga."

Alisema, na kifua kikawa chepesi, na akasubiri kutukanwa. Angeyapokea matusi kwa shukrani. Lakini Salvina hakutukana. Aliweka jagi chini, akakaa kwenye mkeka mbele yake, akamshika mikono yote miwili iliyolowa.

"Shemeji, usijiue," alisema kwa sauti ya chini ya mtu anayemfariji mfiwa. "Si wewe peke yako. Zile siku tatu alizokaa hapa, mimi nililala chini kwa Violeth. Mkewe wa ndoa. Nilimdanganya kwamba kitanda kina kunguni."

Ndipo wote wawili wakamkumbuka Otmar. Alikuwa kwenye kiti chake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele zimechanwa, ananukia sabuni ya hospitali. Kijiko alikuwa amekirudisha kwenye sahani. Bashiri alimwona anavyotazama mikono yao ilivyoshikana, akaelewa, kwa kuchelewa kama kawaida yake, ni kwa ajili ya nani Otmar alikuwa ameificha ile glavu chini ya jiwe: si kwa ajili ya Bashiri, bali kwa ajili yake mwenyewe.

"Kwa hiyo kunguni hawakuwepo," alisema Otmar.